Weka Fri, Shemeji

"Baba, gari linarudi nyuma."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo mama mkwe wangu amewahi kuniambia moja kwa moja, bila kuyapitisha kwa bintiye. Aliyasema juzi kwenye barabara ya Mumias, akiwa kiti cha nyuma, amepakata jogoo. Sisi Waluhya tunaijua heshima ya mkwe na mama mkwe: hatazamwi usoni, hapewi mkono, na hakika habebwi kinyumenyume hadi ndani ya mkokoteni wa ndizi.

Aliyelaumiwa ni mimi. Aliyestahili ni shemeji, ndugu ya mke wangu, aliyekaa mbele. Tulikuwa tumesimama kwenye kilima, trekta la miwa mbele yetu likihangaika kukata kona na matrela yake, miwa mingine ikiburuzika kwenye lami. Mguu wangu uko kwenye breki, gia iko D, roho imetulia. Shemeji akatazama chini, akaiona ile herufi, akaguna.

"Shemeji, unasimama na D?"

"Nasimama na D."

"Unaunguza giaboksi. Na mafuta yanaenda bure. Weka fri."

Mtu habishani na shemeji mbele ya mama yake. Nikaweka N. Na kwa kuwa maisha yangu yote fri imekuwa na maana ya kupumzika, mguu nao ukapumzika.

Gari lilianza kurudi kwa adabu sana. Mwanzoni nilidhani ni trekta linalosogea mbele, nikafurahi kwamba njia imefunguka. Ndipo mama mkwe aliposema alichosema. Nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma kwa nguvu zote ilizotoka nazo Japani, mshale ukapanda, jogoo akapiga mbawa, nasi tukaendelea kurudi nyuma taratibu, maana kwenye N unaweza kukanyaga mafuta mpaka yaishe na magurudumu yasipate habari. Kishindo hakikuwa kikubwa. Kikubwa kilikuwa umati.

Kakamega haina uhaba wa mahakimu wa barabarani. Kabla sijamaliza kuvuta breki ya mkono, vijana wa bodaboda walikuwa wamezima pikipiki na kikao kimeanza. Wa kwanza akahukumu kwamba oto haiwekwi fri hata siku moja. Wa pili akasema binamu yake ni dereva wa teksi Nairobi, na kwenye jam ya Thika Road huweka fri kila anaposimama, na gari lake ni zima. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha lori akasema kosa lilitendeka siku niliponunua gari lisilo na klachi. Mwenye mkokoteni hakuwa na nadharia, alikuwa na bei. Nililipia mkungu mzima, bampa likiwa limejaa utomvu, na mkungu ukaliwa palepale na mahakama. Shemeji alikula ndizi mbili. Mama mkwe akaomba kushuka, akaita bodaboda, akaenda zake na jogoo wake.

Usiku huo sikulala, nilisoma. Kesho yake nikaenda kwa fundi wa jua kali, akanichimbulia kutoka kwenye lundo lake toku konveta iliyokatwa katikati, na ninakiri kwamba kwa muda nilimsahau hata mama mkwe. Kitu hiki ndicho kinachokaa mahali ambapo gari la gia lina klachi. Ni chungu cha chuma, kimefungwa pande zote, kimejaa mafuta. Ndani yake mna magurudumu mawili yenye mapanga, yanatazamana bila kugusana. Moja limefungwa kwenye injini, la pili kwenye giaboksi. Chukua feni mbili, ziweke uso kwa uso, washa moja tu: ile isiyo na umeme nayo itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. Hapa badala ya upepo ni mafuta. Katikati kuna gurudumu la tatu, dogo, ambalo kazi yake ni kuyakamata mafuta yanayorudi na kuyageuza yarudi upande unaofaa, na kwa ujanja huo nguvu ya kuzungusha inaweza kufika karibu maradufu gari linapoanza kuondoka. Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyekipatia hataza mwaka 1905, naye hakuwa akifikiria magari hata kidogo. Alikuwa akitafuta namna ya kuunganisha mitambo ya mvuke na rafadha za meli. Kwamba leo kifaa hicho kinasubiri trekta la miwa likate kona, hilo lingemshangaza.

Sasa basi, ukisimama na D huku umekanyaga breki, gurudumu la injini linaendelea kurusha mafuta, na la pili limezuiwa, halizunguki. Mafuta yanateleza, yanapata joto kidogo, yanapozwa. Hakuna chuma kinachosuguana na chuma. Hakuna kinachoungua. Kimeundwa kufanya hivyo hivyo, na ndiyo sababu ukiinua mguu kwenye tambarare gari huanza kujikokota lenyewe. Ukiweka N, zile klachi ndogo zilizo ndani ya giaboksi zinaachia. Ukirudisha D, zinakamata upya, na ule mshtuko mdogo unaousikia kiunoni ndio huo. Zinavumilia, lakini mtu wa fri na D, fri na D, kila magari yanaposonga hatua mbili, ndiye anayezichosha. Magari mengine ya karibuni huachia klachi hiyo yenyewe yakiona umesimama na breki imekanyagwa. Kompyuta inafanya kazi ya shemeji, kimya, bila kumwaibisha mtu.

Na petroli je? Injini ya lita moja na nusu iliyosimama ikinguruma tu hunywa chini ya lita moja kwa saa nzima. Tofauti ya D na N ni kipande cha hicho kidogo.

Penye hasara kweli ni mteremkoni. Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Kisumu ni kama 1,130, kwa hiyo wapo madereva wa kuelekea Kisumu ambao wakifika Riat huweka fri na kuteleza hadi Mamboleo wakijipongeza kwa kuokoa pesa. Injini za siku hizi, ukiinua mguu gari likiwa kwenye gia na linateremka, kompyuta hukata mafuta kabisa. Ukiweka N, injini inalazimika kuunguza mafuta ili isizimike. Yaani unalipa zaidi, na unateremka ukitegemea breki peke yake, mbele yako kuna matatu imesimama kuchukua abiria.

Lakini simlaumu shemeji peke yake. Kila tarehe 14 jioni mamlaka ya nishati, EPRA, inapotangaza bei ya mafuta, dini ya fri hupata waumini wapya. Mwaka 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na hakuna fri duniani itakayokurudishia hizo 8. Mtu anayehesabu petroli kwa kijiko ataamini chochote.

Na nani angetufundisha? Shule ya udereva ilinisimamisha mbele ya ubao wenye mji mdogo uliochorwa, nikasukuma kigari cha kuchezea kwa kidole huku nikieleza ninavyokata kona. Kisha nikapewa pikapu ya gia iliyozeeka kuliko mwalimu. Oto sikuigusa. Serikali inajua kwamba magari mengi tunayonunua ni ya Japani, imeweka hata sheria kwamba yasizidi miaka 8, na inajua kwamba mengi yake ni oto. Tunalipa karo, tunalipia mtihani, tunalipia leseni, tunalipa ushuru wa forodha pale Mombasa, halafu somo lenyewe tunalipata kwa vijana wa bodaboda, baada ya ajali, kwa gharama ya mkungu wa ndizi. Hilo halinichekeshi.

Na masomo mengine nimeyapata vivyo hivyo. Kuna ile siku ya kuweka P gari likiwa bado linatembea. Mlio uliotoka sitauelezea. Kuna na siku ya pale pa kuoshea magari, ambapo kijana aliliacha gari langu kwenye N na likaenda lenyewe kusalimia jirani.

Basi shikeni hivi. Ukisimama kidogo, baki kwenye D, kanyaga breki. Ukikwama sana, weka P na uvute breki ya mkono. Ukiteremka, N usiiguse. Na kama gari lako ni haibridi ya Toyota, ukiliweka N betri kubwa haichajiwi kabisa, hata ukae hapo hadi jioni. Yote haya yameandikwa kwenye kitabu kilicho ndani ya dashibodi, kwa Kijapani.