Dubu Hakualikwa Kwenye Mjadala

Huko Alaska kuna wanaume wasioweza kwenda kuvua samoni kabla ya kumaliza ubishi wa bastola ya kumkabili dubu. Ya milimita 10 ina risasi nyingi, lakini eti ni ya watoto. Magnum ya .44 ni ya babu. Basi bwana anajitwisha Smith & Wesson 500, iliyoingia sokoni mwaka 2003; ile ya mtutu mrefu ina uzito wa kilo mbili hivi na hubeba risasi tano tu. Ya kwanza itamtegua kifundo cha mkono, nne zilizobaki zitaitisha misonobari. Dubu naye hukimbia karibu kilomita 55 kwa saa, na hana upande katika ubishi huo.

Mtafiti Tom Smith na wenzake walichambua mikasa ya watu na dubu huko Alaska. Mwaka 2008 wakaeleza kwamba kopo la kupulizia pilipili lilimtuliza dubu wa kahawia zaidi ya mara tisa katika kumi. Mwaka 2012 wakageukia bunduki na bastola: waliozitumia na wasiozitumia waliumia kwa kiwango kilekile. Lakini nani atatamba baa kwa pilipili? Hiyo ni ya jikoni. Mwanamume hushika chuma, hata kama amekizika chini ya koti la mvua lenye vifungo sita.

Ukienda huko, nunua kopo. Lining'inize kifuani, si ndani ya begi, na bastola waachie wenye muda wa kubishana.