Muulize Shangazi: Anayekula Hasomi, Anayesoma Hali

*Shangazi, naishi na paka ghorofa ya nne, Upanga. Siku zote nampa wali na dagaa, hana neno. Juzi nikaona aibu mbele ya jirani, nikanunua mfuko wa chakula kikavu wenye picha ya samaki mnofu na kipande cha limau. Bei yake usiulize. Paka kanusa, kanipa mgongo. Nimeapa atakaa na njaa mpaka ashike adabu. Mume wangu anasema nimelipia picha. Nani ana haki? – Mlipia Picha*

Mwanangu, mumeo ana haki nusu, na hiyo nusu usimwambie. Biashara ya chakula cha wanyama wa nyumbani ina ajabu yake: anayekula hasomi, na anayesoma hali. Ndiyo maana upande wa mbele wa mfuko umeandikiwa wewe, si paka. Liangalie hilo limau. Paka wengi wakisikia harufu yake huondoka. Limewekwa pale kwa sababu wewe ukiona samaki na limau unakumbuka samaki wa Forodhani. Lakini katikati ya mapambo hayo kuna maneno machache yenye uzito wa kanuni, na ndipo pesa yako ilipopotelea. Kwa kanuni zinazofuatwa Marekani, kopo likiitwa samaki moja kwa moja, bila neno jingine la kupunguza, samaki huyo anatakiwa awe asilimia 95 ya vilivyomo, ukiacha maji ya kupikia. Likiandikwa “with”, yaani lina samaki ndani, asilimia 3 inatosha. Ulaya ni 4. Likiandikwa “flavour”, basi ni ladha tu, mradi iweze kutambulika. Kineno kimoja cha Kiingereza kimemeza samaki karibu mzima, na picha haikubadilika hata pezi.

Ukigeuza mfuko utakuta orodha ya vilivyomo, na hapo wasomaji wangu wengi hujiona wameshakuwa wataalamu. Wanatafuta nyama ya kwanza kwenye orodha, wakiiona wanashusha pumzi. Polepole. Orodha hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, na kuku mbichi kwa sehemu kubwa ni maji. Akishakaushwa ndani ya kile kidonge cha chakula, huenda amepitwa na mahindi yaliyokuwa nyuma yake. Tena njegere zikigawanywa zikawa unga wa njegere, wanga wa njegere na protini ya njegere, kila kimoja kinashuka chini kwenye orodha, na nyama inabaki juu peke yake kama bwana harusi. Hakuna aliyedanganya. Kila mstari ni kweli.

Asilimia za protini nazo zina mtego wa maji. Chukua kopo lililoandikwa protini 9 na unyevu 78, uliweke kando ya mfuko wenye protini 27 na unyevu 10. Mfuko unaonekana mara tatu. Sasa ondoa maji: kwenye kopo imebaki 9 kati ya 22, yaani kama asilimia 41, kwenye mfuko 27 kati ya 90, yaani 30. Kopo limeshinda. Halafu kuna jambo kubwa zaidi ya hesabu. Protini hiyo kwa kawaida haipimwi yenyewe. Hupimwa naitrojeni, kisha huzidishwa kwa 6.25. Mwaka 2007 Marekani na Kanada zilijifunza maana yake kwa uchungu, pale makopo na mifuko kwa mamilioni ilipoondolewa madukani baada ya paka na mbwa kufa kwa figo. Gluteni ya ngano iliyoagizwa kutoka China ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali ya viwandani isiyo na lishe hata chembe ila imejaa naitrojeni. Kipimo kiliona protini.

Basi tusome nini? Mimi nasema tafuta sentensi moja, mara nyingi kwa herufi za kumtesa mwenye miwani, inayosema kama chakula ni kamili, na ni kamili kwa nani: mnyama gani, wa umri gani. Kwenye mifuko ya Ulaya neno ni “complete”. Ukikuta “complementary”, hicho ni kitoweo cha kuongezea, hakitoshi kulisha peke yake. Nashikilia sentensi hiyo kwa sababu mwili wa paka haujui samaki wala kuku, unajua virutubisho. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliokuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo kutanuka na kulegea walikuwa wamepungukiwa kirutubisho kiitwacho taurini, na wakiongezewa moyo unarudi. Paka hao walikuwa wakila vyakula vya dukani vyenye nyama na samaki, vilivyodhaniwa vinatosha. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kumtosha, wala hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama sisi. Orodha ya vilivyomo ingekuwa nzuri kama ubeti wa taarabu, moyo ungelegea vilevile.

Utaniuliza: kama melamini ilipita, hiyo sentensi nayo haiwezi kudanganya? Inaweza. Kwanza “kamili” kwa Marekani inaweza kuthibitishwa kwa hesabu ya mapishi tu, au kwa kulisha wanyama, na jaribio lenyewe kwa mbwa waliokomaa ni mbwa 8 kwa wiki 26, sita wakimaliza linakubalika. Si mtihani wa kutisha. Lakini picha haiahidi chochote, na orodha inaahidi vitu bila kuahidi kwamba vinatosha. Sentensi ile pekee inajibu swali ambalo paka angeuliza. Na ukinunua chakula cha kupimiwa kilo kutoka gunia lililo wazi, sentensi imebaki dukani, pamoja na tarehe ya mwisho.

Utaniuliza tena, na hili nalijua liko kooni: mbona paka wa bibi kijijini alikula makombo akazeeka? Kwa sababu makombo yalikuwa chai. Chakula kilikuwa panya. Panya mzima ana nyama, moyo, ini na mifupa, na hakuna kiwanda kilichompiku. Paka wako wa ghorofa ya nne panya atampata wapi? Ukirudi kwenye dagaa, hujakosea sana. Akiliwa mzima ana mifupa yenye kalsiamu, na ana taurini. Ila taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukimchemsha ukamwaga supu umemwaga ulichokusudia kumpa, na wali ukiwa robo tatu ya bakuli umebaki unamlisha bakuli. Supu irudi, wali upungue. Hata hivyo bakuli hilo litakuwa zuri, halitakuwa kamili.

*Shangazi, wa kwangu ni mbwa, Nakuru. Kijana wa dukani anasema mbwa ni mbwa mwitu, nafaka zinamuua, ninunue mfuko usio na nafaka. Ugali umekuwa sumu lini? – Baba Simba*

Baba Simba, swali ni lilelile: kamili kwa nani? Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu wa kaskazini. Jeni ya kimeng’enya kinachovunja wanga mbwa mwitu alikuwa nayo nakala 2. Mbwa wa nyumbani 4 hadi 30. Amekaa mlangoni kwetu muda mrefu, tumbo limezoea jikoni. Wala mfuko usio na nafaka hauna utakatifu: mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuchunguza taarifa za ugonjwa wa moyo kwa mbwa, nyingi zikitaja vyakula visivyo na nafaka vilivyojaa njegere na dengu. Chanzo hakikuthibitishwa, lakini kijana wa dukani naye hajathibitisha chake. Sumu ya kuogopa kwenye ugali ni sumukuvu. Unga uliovunda ambao nyumba imeukataa ndio huo hupikiwa mbwa, na mbwa ini lake haliiwezi. Mahindi usiyoyala wewe, naye asiyale. Na ugali mtupu haumtoshi, hasa mtoto anayekua, hata ukimwekea nyama juu: nyama ya mnofu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ndiyo maana utaona mbwa wadogo wa nyumba zenye uwezo miguu imepinda.

Nirudi Upanga, maana kuna kiapo huko. Mwanangu, kivunje leo. Paka, hasa mnene, akigoma kula siku mbili tatu, mafuta ya mwili hukimbilia ini na anaweza kufa. Mpe dagaa wake jioni hii. Kesho changanya punje chache za mfuko, keshokutwa ongeza kidogo, uende hivyo siku saba hadi kumi. Akikataa bado, mgawie jirani.