Sifa za Ramani Isemayo Uongo

Waongo wengine hufungwa, wengine huchaguliwa. Huyu wa London amebandikwa ukutani kila kituo, amechapwa kwenye fulana na vikombe, na wageni humnunua kwa pesa zao wakarudi naye kwao. Namsema yule aliyechorwa 1931 na Harry Beck, fundi mchoraji wa treni za chini ya ardhi. Wakubwa waliukataa mchoro wake mwanzoni. Walipouchapisha 1933, watu waliugombania.

Uongo wake ni wa kiungwana. Beck aliona kwamba aliye chini ya ardhi hana haja na yaliyo juu, basi kila njia akainyoosha: iwe wima, iwe mlalo, au mshazari wa digrii 45. Katikati ya jiji, ambako vituo vimesongamana, akavitanua. Pembezoni, ambako vimeachana, akavivuta karibu. Cha juu alichokibakiza ni mto Thames peke yake, nao akaukunja pembe pembe. Mwaka 2009 uliondolewa, na wakazi wakapiga kelele hadi ukarudishwa. Kumbe watu wako radhi kudanganywa mto ulipo, mradi wauone.

Tazama Leicester Square na Covent Garden. Kwenye ramani ni vituo viwili vilivyoachana kwa heshima. Juu ya ardhi ni mita 260 hivi. Mgeni kutoka Tandika au Likoni, ambaye kwao angekwenda umbali huo kununua vitumbua na kurudi kabla chai haijapoa, hapa anagusisha kadi getini, anakatwa karibu pauni tatu, anateremka ngazi za umeme, anasubiri, anapanda, na kabla hajapata pa kushika treni imefika. Hakuna konda wa kuuliza nani anashuka wala wa kumwambia, "Bi mkubwa, hapo si ungetembea tu?" Ramani haina umbea.

Akishuka Covent Garden anakuta foleni ya lifti. Asiye na subira hufuata ngazi, 193 kwa hesabu, licha ya onyo lililowekwa hapo chini. Ngazi ni za kuzunguka, kuta zina vigae, na ukiinua macho huoni ila visigino vya aliyekutangulia. Baba aliyeanza akimweleza mkewe habari za wafalme wa Uingereza hunyamaza katikati ya karne. Anashika reli, anajifanya anakagua vigae. Mkewe, aliyesema tangu asubuhi kwamba watembee, anampita bila neno. Madaktari wamemhimiza baba huyo miaka mingi afanye mazoezi, asisikie. Ramani imemfanyisha siku moja, tena kwa nauli yake mwenyewe.

Wapo wanaostahili zawadi kubwa zaidi. Hao huenda kutoka Queensway hadi Bayswater: wanapanda treni hadi Notting Hill Gate, wanabadili njia, wanarudi kituo kimoja, na wakitoka nje wanajikuta kwenye barabara ileile, hatua chache kutoka walipoanzia. Na anayetaka kuona jiji lote bila kubadili treni huvutwa na njia ya manjano, Circle. Tangu 2009 duara hilo limekatika. Treni hutoka Hammersmith, zikazunguka katikati ya jiji, zikaishia Edgware Road, ambako abiria huambiwa washuke wote. Edgware Road zenyewe ni mbili, vituo viwili vya jina moja, kila kimoja upande wake wa barabara. Ukimwahidi mwenzako kukutana naye hapo, chukua kitabu cha kusoma.

Wasaliti hawakosekani. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri ya jiji ilitoa ramani nyingine, ya kuonyesha dakika za kutembea kutoka kituo hadi kituo. Ukatili gani huu! Mtu amelipa, amejishindilia katikati ya makwapa ya watu, halafu unamwonyesha kwamba ilikuwa dakika nne tu kwa miguu, tena kwenye hewa.

Namwombea heri, basi, Mswahili aliyemaliza kutazama British Museum akakumbuka kwamba chuo cha SOAS, chenye hazina ya miswada ya tenzi zetu kwa herufi za Kiarabu, hakiko mbali. Ramani itamtuma vizuri: atembee hadi Holborn, apande treni kituo kimoja hadi Russell Square, asimame kwenye foleni ya lifti au apande ngazi 175, kisha arudi kwa miguu kuelekea alikotoka. Mlinzi wa makumbusho angemwonyesha mlango wa nyuma, wa Montague Place, chuo kikiwa karibu na hapo. Asimuulize.