Rimoti ya Kamera ya Kujitengenezea

Kamera ya video iliyofungwa kwenye ncha ya kreni ya harusi haifikiki kwa mkono, na hapo ndipo fundi wa nyumbani anapoanza kuiwazia rimoti. Njia ni mbili: mwanga usioonekana, au waya.

Mwanga ndio rahisi. Taa ndogo ya infraredi huwashwa na kuzimwa mara 38,000 hivi kwa sekunde (Sony hutumia 40,000), na agizo hupita ndani ya mapigo hayo. Kwa kuwa jicho haliuoni mwanga huo, fundi huichungulia taa kupitia kamera ya simu; ikimetameta zambarau, inafanya kazi. Isipoonekana, huenda imefungwa kinyume, au simu ina kichujio cha infraredi. Ziko saketi nzima zilizofumuliwa bure kwa ushahidi wa uongo wa simu. Sebuleni rimoti hutiiwa vizuri, pengine hata na televisheni ambayo haikuulizwa. Nje, saa sita mchana, jua humwaga infraredi kiasi kwamba mara nyingi kamera haiioni rimoti.

Ndiyo maana wengi huhamia kwenye waya. Kamera nyingi za zamani za Sony, na baadhi za Canon, zina tundu la LANC, yaani la kuiongoza kamera kwa waya, la milimita 2.5. Plagi zilizojaa madukani, kama ilivyo ada, ni za 3.5. Hata ndogo ikipatikana, lazima iwe ya stirio: ncha hupitisha mawasiliano, pete ya kati hubeba umeme wa kamera, na shina ni hasi. Plagi ya mono huunganisha pete na shina, hivyo mwenye kamera huipiga shoti kamera yake kwa mkono wake.

Ndani ya waya huo mazungumzo hayakomi. Katika mfumo wa video wa PAL, kamera hufungua mkupuo wa baiti nane mara 50 kwa sekunde. Nne za mwanzo ni za kupokea maagizo, nne za mwisho ni za kamera kueleza hali yake. Agizo lisiporudiwa katika mikupuo kadhaa mfululizo, kamera hulipuuza.

Balaa lenyewe limo katika kitufe cha kurekodi, kwa sababu agizo la kuanza na la kuacha ni lile lile. Kitufe cha bei poa nacho hudunda: kikibonyezwa mara moja, vyuma vyake hugusana na kuachana mara kadhaa kabla ya kutulia. Programu ya rimoti isiyojua kungoja huhesabu kila mguso. Hesabu ikitoka witiri, mambo ni shwari. Ikitoka shufwa, kamera huanza na kuacha papo hapo, na tangu hapo kila kitu huenda kinyume. Bibi harusi huingia ukumbini bila kurekodiwa. Kinachorekodiwa, kwa umakini na sauti safi, ni zulia, viatu vya mpiga picha, na maoni yake kuhusu kiasi cha nyama kwenye pilau.

Dawa ni kuzisoma zile baiti nne za mwisho na kuwasha taa nyekundu kwenye rimoti pale tu kamera yenyewe inaposema inarekodi. Kuandika programu hiyo ni kazi, kwa hiyo mafundi wengi humweka kijana chini ya kreni, akitazama kitaa cha kamera na kuinua dole gumba. Kumkabidhi kijana huyo kitufe chenye waya mrefu kungetosha, ila hakuna fundi anayekubali pendekezo hilo baada ya kuunguza vidole kwa risasi ya kulehemu.