Waheshimiwa wa Copenhagen, Bodaboda Mmemweka Wapi?

Kwa Shirika la Afya Duniani,
Ofisi ya Kanda ya Ulaya, Copenhagen.

KUH: OMBI LA MSTARI MMOJA ZAIDI KWENYE JEDWALI LA KELELE

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Imara Daima, Nairobi, mtaa uliojaliwa vyote: Barabara ya Mombasa, reli ya Syokimau, na ndege za JKIA. Miongozo yenu ya kelele ya 2018 najua mliwaandikia Wazungu, lakini jirani haombi ruhusa ya kuchungulia.

Nimechungulia. Barabara mmeiwekea kikomo cha desibeli 53, reli 54, ndege 45. Tofauti ya 9 kati ya treni na ndege si ndogo: treni imeruhusiwa nishati ya sauti karibu mara nane. Sababu yenu naielewa. Watu waliulizwa, ikaonekana kwamba kwa kipimo kile kile cha sauti, ndege inakera wengi zaidi. Wajerumani nao waliamini kwamba treni inakera kidogo kuliko magari, hadi wakawa wanaipunguzia desibeli 5 kwenye hesabu, kama muuza mitumba na mteja wake wa kila siku. Wakazi wa bonde la Rhine, wanaolala na treni za mizigo, hawakuona punguzo lolote masikioni mwao, na mwaka 2015 fadhila hiyo ikafutwa kwa reli mpya.

Sheria yetu haina upendeleo. Kanuni za Kenya za 2009 zinataka usiku, kwenye makazi, desibeli 35, awe nani awe nani. Thelathini na tano! Mbu wawili wakigombana wameshavunja sheria.

Ndiyo maana nalipenda zaidi lile dodoso waliloulizwa watu, la kero kutoka sifuri hadi kumi. Naomba nilijaze mapema.

Ndege: 8. Kule juu kuna watu wanaoletewa kuku wakielekea Dubai, na mimi nachangia safari yao kwa usingizi wangu.

Treni: 2. Inapita ikaenda zake, wala haina makanga.

Matatu: hapa nahitaji nafasi mbili. Honi ya saa kumi na moja alfajiri, nikiwa kitandani, 10. Honi hiyo hiyo nusu saa baadaye, nikikimbilia steji kiatu kimoja mkononi, sifuri. Hata akiipiga tena sitamlaumu.

Sasa bodaboda. Kijana ametoboa silensa makusudi ili pikipiki yake ingurume angani na ardhini. Nauliza kwa nia njema: anayelia kama ndege akiwa barabarani, anadaiwa 45 au 53? Tena anapita mara moja tu, saa tisa usiku. Kwa kuwa vikomo vyenu ni wastani wa mwaka mzima, hata mkimwongezea desibeli 10 za adhabu ya kelele za usiku, haonekani. Kwa mtoto aliyeamka akilia, anaonekana vizuri sana.

Tumeni mtaalamu. Kitanda kipo, dirisha linaangalia barabara, chai tutampa. Ila akitua JKIA asije akapanda bodaboda hadi kwetu. Akishalipa nauli na kufika mapema, vipimo vyake vyote vitakuwa vimeharibika.

Wenu katika usingizi wa mang'amung'amu,
Mpangaji, ghorofa ya nne.