Albamu ya Kambo

Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2024 na kuingia mitaa ya chini ya Kalemie, lililikuta sanduku la bati la Kambo, bibi yetu, chini ya kitanda. Nguo zilianikwa zikakauka. Picha nazo zilikauka, ila zikawa donge moja: ubatizo, harusi, babu mbele ya kiwanda cha Filtisaf, na bwana mmoja mwenye miwani ambaye hadi leo kila tawi la ukoo linamkana.

Wazee wakakaa, wakaamua. Picha zote ziingizwe kwenye kompyuta, zipangwe kurasa kwa kurasa pamoja na maua na maandishi, kila nyumba ichapishiwe albamu yake, na walio mbali watumiwe kwa simu. Kazi nikatwishwa mimi, maana ndimi mwenye kompyuta. Kwetu mwenye kompyuta ni fundi wa chochote chenye waya. Wiki ile ile nilikuwa nimeshaletewa pasi.

Picha za studio zilizogandamana hazibanduliwi kwa kisu. Uso wa picha una tabaka la jelatini, ambalo likilowa huvimba na kulainika, na likikauka humng'ang'ania jirani. Dawa yake ni kuzilaza kwenye maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe. Nikaomba beseni. Kambo akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mume wangu, maji ndiyo yaliyoziua, nawe unazirudisha majini?"

Ziliachana. Kwanza inainuka pembe, kisha linatokea sikio la mtu, halafu mtu mwenyewe, na Kambo anamwita kwa jina kabla pua haijaonekana. Nyuma ya moja palikuwa na muhuri wa studio uliosomeka Albertville, jina la mji huu enzi za Wabelgiji. Bwana wa miwani alipoibuka, Kambo alinyamaza kidogo, akasema tuendelee.

Zilizobaki zilikuwa kwa ndugu, na hapo ndipo ukoo ulipoanza kunionyesha ulivyo. Ukitaka kuchapisha vizuri ukurasa wa A4, unahitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani pikseli 2480 kwa 3508. Mjomba wa Lubumbashi alileta kwa WhatsApp picha yake ya ujana, ambayo ilikuwa imepakuliwa, ikawekwa kwenye status, ikapigwa picha ya skrini, ikakatwa, ikatumwa tena. Ilinifikia ikiwa na upana wa pikseli 300. Kwa hesabu hiyo mjomba alistahili sentimita mbili na nusu, sawa na stempu ya posta. Yeye alikuwa ameagiza ukurasa mzima.

"Ivute tu," akaniambia.

Niliivuta. Akawa vigae.

Shangazi wa Moba nilimsihi asitume kwa simu, anipe picha halisi kwa boti. Hakuiamini boti. Alipeleka picha ofisini, ikatolewa fotokopi ya nyeusi na nyeupe, ikagongwa muhuri wa kuthibitisha kwamba nakala inalingana na ya awali, ikatiwa saini. Muhuri ulikaa sawasawa kwenye paji la uso la bwana harusi. Hakuna mwanaume katika ukoo wetu aliyewahi kuthibitishwa kiasi kile.

Tukaenda kuchapisha kwa kijana wa fotokopi. Nilimwachia milimita tatu za ziada kila upande, ili kisu kikiteleza kisile mtu, na nikamwomba asiziguse. Umeme ukakatika babu akiwa ametoka hadi mkandani. Jenereta ilipowashwa, mashine ikaanza karatasi nyingine, ikamtoa kuanzia kofia. Kwa hiyo tuna babu mmoja na nusu.

Rangi ndiyo iliyotaka kuvunja undugu. Kwenye harusi ya dada yangu akina mama walivaa vitenge vya buluu kali. Kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu; mashine hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na buluu ile kali haiwezi kuifikia, hivyo huielekeza kwenye zambarau. Niliyaeleza haya yote kwa utulivu. Mama mdogo akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani aliyenilipa niwavishe sare ya kwaya ya wale wengine.

Halafu ikaja mashine ya kutoboa matundu ya waya. Kijana aliuchomeka ukurasa wa kumi upande usio wake, na matundu yakashuka katikati ya shemeji yetu, kutoka kwenye nywele hadi viatuni. Shemeji huyo bado ana deni la mahari. Shangazi waliupokea ukurasa ule wakautazama kwa muda mrefu, na hakuna aliyedai urudiwe.

Ya mtandaoni yalikuwa mepesi, nilidhani. Faili la kuchapisha lingemaliza mega za ukoo mzima, kwa hiyo kila ukurasa nikaupunguza hadi upana wa pikseli 1080. Maandishi alikuwa ameyapamba binamu yangu, mpenzi wa herufi nyembamba zenye mikia. Ukurasa wa Kambo aliuzungushia njiwa weupe, akaandika kwa mikia hiyo "Safari ya baraka, na bado tunaye", na chini yake, kwa tarakimu nene, "1943–2024". Kwenye vioo vya simu, mikia yote ikayeyuka. Zikabaki njiwa na tarakimu.

Kabla ya bukari ya mchana kuiva, Brussels walikuwa wanalia. Kigoma waliuliza mazishi ni lini. Pesa za rambirambi zikaanza kuingia kwenye simu yangu, kila moja na ujumbe wake wa kupangusa machozi. Nikamwendea Kambo uani, akichambua ndakala, nikamweleza, nikamwambia nitazirudisha zote jioni hiyo.

"Wamezitoa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, Kambo."

"Basi urudishe nini? Nisomee, nani katuma ngapi."

Nikasoma. Akawa anaitikia kwa kichwa, bila kuacha kuchambua, mpaka nilipofika kwa mjomba wa Lubumbashi.

"Franka elfu mbili?" Akaweka ungo chini. "Kwa mimi mzima?"