Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Anayeunga Mkono Hoja

Mheshimiwa Mbunge wetu,
Ukumbi wa Bunge,
Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA MICHANGO YAKO KUHUSU HAKI, ARDHI NA UTUNGAJI WA SHERIA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Sisi wapiga kura wako tumejipa kazi ambayo hukututuma: kusoma Taarifa Rasmi za Bunge, zile Hansard, na kufuatilia kila ulichokisema tangu tukupeleke Dodoma. Tumemaliza, na tumeona si vyema kukaa kimya bila kukupa pongezi zako.

Pongezi ya kwanza ni ya adabu. Ukipewa dakika zako kumi, unamshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai, Mheshimiwa Spika kwa nafasi, Mheshimiwa Rais kwa fedha alizoleta jimboni, Waziri kwa uchapakazi, Naibu Waziri kwa kupokea simu, na familia yako kwa uvumilivu. Kengele ya kwanza hulia ukiwa bado kwa Naibu Waziri. Ya pili hukukuta ndiyo kwanza umetamka neno ardhi. Hapo unaomba mengine uyalete kwa maandishi, unaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, unaketi, meza zinagongwa.

Pongezi ya pili ni ya ujasiri. Kila bajeti ya Wizara ya Ardhi inapojadiliwa unatangaza kwamba safari hii utashika shilingi ya Waziri. Huku kijijini tunasogelea redio. Waziri anasimama, anasema Serikali imelipokea jambo lako na italifanyia kazi, nawe unamrudishia shilingi yake palepale. Tumeelewa kwamba huwa unaishika kwa vidole viwili, isije ikachubuka.

Sasa turuhusu tuingie kwenye ardhi yenyewe, maana kengele yetu bado haijalia.

Mwaka 1999 Bunge lilitunga sheria mbili kwa pamoja: Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Zilianza kutumika Mei 2001. Ardhi ya nchi ikagawanywa katika mafungu matatu: ya hifadhi, ya vijiji na ya jumla. Namba 5 inasema ardhi ya jumla ni ile isiyo ya hifadhi wala ya kijiji. Mtu wa kijijini akisikia hivyo analala usingizi. Namba 4 nayo inaanza vivyo hivyo, kisha inaongeza kijimkia: pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Bunge lilelile, mwaka uleule, lilikipa kijiji ardhi kwa sheria moja na likaacha mlango wa kuichukua katika nyingine.

Kijimkia hicho kina uzito wake, Mheshimiwa. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, nayo hujibu kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ardhi ya jumla iko mikononi mwa Kamishna wa Ardhi. Ili ardhi itoke kwetu iende kwake, Namba 5 imeweka taratibu: eneo lisilozidi hekta 250 laweza kukubaliwa au kukataliwa na Mkutano Mkuu, likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia maoni ya mkutano huo, na makubaliano ya fidia hutangulia. Lakini kwa mwenye kijimkia mkononi, taratibu zote hizo zina njia ya mkato. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anasema: hapa hapatumiki.

Na nani anapima kutumika? Msukuma hufunga ngitili wakati wa mvua ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Afisa akipita mwezi Machi ndani ya gari lenye kiyoyozi, anaona nyasi ndefu bila mfugo. Kwake hilo ni pori. Shamba tulilolipumzisha ili lirudishe rutuba, kwake ni pori. Msitu tunaouhifadhi kwa ajili ya chemchemi ni pori. Hata makaburi ya babu zetu hayana anayeonekana akiyatumia, ingawa waliomo hawajawahi kulalamika.

Tumepekua michango yako yote kuhusu ardhi. Umesema juu ya upimaji kwa droni. Umewakemea maafisa ardhi wasio waaminifu, tukakupigia makofi. Umetuasa tuache kuvamia maeneo ya wawekezaji, tukatazamana. Kijimkia hukukigusa hata siku moja. Tumechukulia kwamba ni uungwana wako wa kawaida, wa kutokanyaga mkia wa mtu.

Kuhusu haki, umesema mara nyingi kwamba haki imsogelee mwananchi. Maneno matamu. Mpaka mwaka 2021, Baraza la Kata liliweza kusikiliza na kuamua mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu. Mwaka huo Bunge likaliondolea mamlaka hayo. Sasa kazi yake ni kupatanisha, na likishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji anashika njia ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hatusemi Mabaraza ya Kata yalikuwa ya malaika. Yalikuwa na rushwa, na wajumbe wengi hawakuwa na mafunzo ya sheria. Ila dawa ya hayo ilikuwa mafunzo na usimamizi, wakati wewe ulisema ndiyo kwa dawa ya nauli. Pengine ulipotaja mwananchi ulikuwa na maana ya yule anayeishi jirani na stendi ya wilaya.

Halafu kuna mjane. Kila Machi 8 unamtaja. Lakini Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo kwalo mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe, hujalitaja. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili walioumizwa na kanuni hizo. Watu wa mbali walilisoma tangazo letu kwa makini kuliko mwakilishi wetu.

Katika kutunga sheria, tunakusifu kwa wepesi. Mwaka 2020 uliletwa muswada mmoja wa marekebisho ya sheria mbalimbali. Humo ndani iliguswa Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu: aliyekwenda mahakamani kudai haki ya kikatiba akatakiwa aape kuonesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Tulipoziweka pamoja tulielewa hivi: Katiba ni ya wote, ila mlinzi wake asubiri kwanza aumizwe. Wanaoafiki walipoulizwa, ndiyo yako ilivuka milima ikatufikia.

Mheshimiwa, baada ya pongezi, maombi ni mawili tu.

La kwanza: Sheria ya Ardhi itakapoletwa tena kufanyiwa marekebisho, njoo kwenye Kamati ya Bunge Zima na jedwali lako la marekebisho. Liwe na mstari mmoja, wa kufuta maneno yanayoifanya ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika kuwa ardhi ya jumla. Isipoletwa, Kanuni za Bunge zinakuruhusu kuleta muswada binafsi. Mstari huo unasomeka kabla kengele ya kwanza haijalia.

La pili: kabla ya kusema ndiyo, usome kifungu. Usipokielewa, simama uulize, hata kama Waziri atanuna.

Tulikutuma Dodoma ukatutungie sheria. Kushukuru tunaweza wenyewe, na hatudai posho.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wapiga kura wako, wenye shamba lililopumzishwa.